Mtwara Peke Yako: Usiulize Wapi, Uliza Saa Ngapi

Wiki iliyopita dada mmoja aliniandikia. Ameitwa kwenye usaili Mtwara, hana ndugu huko, na akishalipa nauli na gesti anabakiwa na hela ya kula ambayo yeye mwenyewe anaiita "ya kupumulia." Swali lake lilikuwa fupi: "Dada, nikale wapi?"

Nilianza kumjibu, jibu likarefuka, nikaona bora niliweke hapa. Nyinyi mnaonisoma nawajua. Mnataka kuiona nchi yenu, mmechoka kumsubiri rafiki anayesema "mwakani twende" kila mwaka, na mfuko hauruhusu hoteli yenye bwawa la kuogelea. Mimi nilikuwa hivyo hivyo. Wenzangu walipokuwa wanachangishana kwenda Zanzibar, nikawaambia naenda Kusini, peke yangu, kwa hela yangu. Walicheka. Mmoja akauliza kama Mtwara kuna kingine zaidi ya korosho. Nimerudi, na sasa huyo huyo ndiye ananiomba nimpangie safari. Sijamjibu bado.

Haya, jibu lenyewe: usiulize wapi, uliza saa ngapi. Dar es Salaam ukishikwa na njaa saa 6 usiku hukosi mtu mwenye karai la mafuta. Mtwara siyo hivyo. Chakula cha bei ya mwananchi kipo, tena kitamu kuliko unavyodhani, lakini kina saa zake. Ukizipitiliza, unabaki na chipsi au mgahawa wa wageni. Na mgahawa wa wageni nina maneno nao.

Safari ya basi sitaisimulia, ni ndefu na inachosha. Utavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, ukifika Somanga wauza samaki wa kukaanga watakuletea mpaka dirishani. Nunua. Usijifanye umeshiba, kwa sababu Mtwara utaingia giza likiwa linakaribia au limeshaingia, na jikoni za bei nafuu zimeshaosha masufuria.

Ndivyo ilivyokuwa kwangu. Nilifika nimechakaa, nikamuuliza kijana wa mapokezi pale gesti pa kula. Akanielekeza sehemu moja yenye taa za rangi na vitambaa mezani. Jina silitaji, wao wanajijua. Mhudumu akaniuliza, "Mko wangapi?" Nikamwambia niko peke yangu. Akaangalia nyuma yangu, kama vile nimemficha mtu. "Shemeji anakuja?" Nikarudia kwamba niko peke yangu. Basi akanipeleka kwenye kimeza kilichobanwa kati ya friji na mlango wa jikoni, na meza nne za mbele, zenye upepo wa bahari, zilikuwa tupu. Tupu kabisa.

Karatasi ya bei hakuna. Samaki bei gani? "Inategemea na ukubwa." Ukubwa upi? "Utamwona." Nilimwona baada ya saa nzima na zaidi, mdogo, amekaushwa, na wali wa baridi pembeni. Bili ikaja elfu 28. Nilipouliza, mhudumu akajibu kwa sauti ya kutosha meza nzima ya wanaume wa pembeni kusikia: "Dada, kama hela ni tatizo ungesema mapema." Nililipa. Nilitembea mpaka gesti nimekunja uso, na nakiri kwamba hata leo nikiandika hapa mkono unakuwa mzito. Siyo hela tu. Ni ile ya kuonekana mwanamke anayekula peke yake lazima ana kasoro fulani, ama ameachwa ama anatafuta wa kumlipia.

Baadaye nilikaa na wenyeji wakanieleza habari za enzi za gesi, jinsi vyumba na vyakula vilivyopanda bei wageni walipomiminika. Bomba la gesi kwenda Dar es Salaam lilizinduliwa 2015. Mafundi wake wengi wameshaondoka, ila baadhi ya watu naona walisahau kuzishusha zile bei. Hilo ni langu mimi, msimnukuu mtu.

Asubuhi yake nilitoka saa 12 na nusu, kwa hasira zaidi kuliko njaa, nikaenda sokoni. Na hapo ndipo Mtwara yangu ilipoanza. Pembeni ya Soko Kuu nikaona benchi, wapo wapakiaji mizigo, bodaboda wawili, na mzee mwenye kofia anakoroga chai. Sikuuliza bei, nilisalimia kwanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu. Rangi au maziwa?"

Nikapewa chai ya rangi yenye mchaichai, chapati mbili, na bakuli la mbaazi za nazi. Mbaazi za huko usizichukulie kimzaha, ni zao la mikoa ile, na wakiziunga kwa nazi nzito unaweza kusahau nyama ni nini. Jumla yake haikufika elfu 2. Mama akaniuliza nimekuja kwa nani. Nikasema sina mtu, nimekuja kutembea tu. Akageukia wale wa benchi: "Sasa si amekuja kwetu?" Wakasogea, nikakaa vizuri. Hakuna aliyeniuliza shemeji yuko wapi.

Wakati naondoka akaniambia neno ambalo ndilo ushauri wangu wote: "Mchana kuna ugali wa muhogo na kisamvu. Saa 7 uwe hapa. Ukija saa 8 na nusu usinilaumu."

Saa 7 nilikuwa pale. Kisamvu kimetwangwa, kimepikwa na nazi mpaka mafuta yanaelea, na dagaa wakavu pembeni. Elfu 2 na mia 5, na mchuzi nikaongezewa bila kuomba. Niliyekaa naye akaja saa 8 na robo siku iliyofuata, akakuta sufuria linasuguliwa kwa mchanga. Alikula mandazi ya asubuhi. Kwa hiyo narudia: siyo wapi, ni saa ngapi.

Saa 10 jioni mji unabadilika tena. Hapo wanatoka akina mama na mabeseni ya ming'oko iliyochemshwa. Kama hujawahi kuiona, ni mizizi ya porini, mirefu myembamba, inachimbwa kwa kazi kweli, unaimenya na kuila kwa chumvi na pilipili. Fungu moja linakusogeza mpaka usiku. Jua likipoa zinajitokeza meza za pweza: anakatwa vipande vidogo mbele yako, unadunga kwa kijiti, unachovya kwenye pilipili, unakunywa na kikombe cha supu yake. Kipande kwa kipande, unasimama pale unapotaka. Kwa mtu anayesafiri peke yake hakuna chakula cha haki kama hicho, hakuna sahani kubwa ya kukulazimisha, hakuna meza ya kukunyima.

Hapo kwenye pweza ndipo nilipopata somo la pili kutoka kwa kijana anayefanya kazi Feri, kule kinapotia nanga kivuko cha kwenda Msangamkuu. Nilikuwa nalalamika kwamba dagaa wabichi hawaonekani. Akacheka, akanionyesha mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa inafanya kazi gizani, mwezi ukiwa mpevu dagaa hawaifuati. Kumbe siku hizo hizo za bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, ndipo maji yanatoka mbali, miamba inabaki wazi, na akina mama wanaenda kuchokoa pweza. Kwa hiyo mwezi mkubwa kula pweza, mwezi ukifa subiri dagaa washuke bei. Nani angenifundisha hayo kwenye meza ya karibu na friji?

Asubuhi nyingine nilishuka Feri mwenyewe wakati mashua zinaingia. Unachagua samaki wako, unapatana, unampelekea mama mwenye karai, unamlipa ya kukaangia. Nilimpata samaki aina ya changu, wa kushiba kabisa, kwa chini ya robo ya ile bili. Nilimpiga picha, nakubali, na nilitamani kuituma kwa yule mhudumu.

Sasa nisikilizeni, hasa nyinyi dada zangu. Tumejazwa hofu ya kukaa benchi. Mtu yuko radhi alale na biskuti chumbani kuliko kuonekana anakula kwa mama lishe, halafu akirudi kwao aseme Mtwara ni ghali. Wengine wanapiga picha kwenye hoteli waliyokunywa soda moja, wanawadanganya wenzao, na wenzao wanaahirisha safari kwa kudhani wanahitaji milioni. Acheni. Hakuna anayekuhesabia sahani. Kaa panapokaa wanaofanya kazi ya nguvu, kwa saa wanayokula wao. Mpakia mizigo hawezi kudanganywa bei kila siku, na hawezi kula chakula kibovu kila siku, ukikaa naye umeshapata ukaguzi wa bure. Na salimia. Nasema tena, salimia kabla ya kuuliza bei. Kule pwani mtu asiye na salamu hata akiuziwa anauziwa kama mgeni.

Tumbo nalo lichunge. Kula kinachotoka motoni, samaki aliyekaa kwenye kabati la kioo tangu asubuhi mwache hapo hapo, maji nunua ya chupa. Mengine ni akili ya kawaida.

Usiku wahi. Saa 1 mpaka saa 2 na nusu bado kuna wali wa nazi, maharage, mishikaki. Baada ya hapo ni chipsi mayai, na siyo mbaya, ila utazila peke yako kweli kweli. Mikindani nilikwenda kwa daladala, ni jirani tu, nikazunguka mitaa yake ya zamani, lakini nilirudi kula mjini. Huko mchana wa jua kali niliona vibanda vichache, na hoteli ya wageni sikuijaribu, mnaelewa kwa nini.

Lindi nilipita wakati wa kurudi, na saa zake nikaziona zinawahi hata kuliko za Mtwara. Mtu anayetaka kuvuka ghuba kwenda Kitunda na kurudi ale kwanza upande wa mjini, karibu na soko.

Angalieni na kalenda. Kuanzia Oktoba minada ya korosho ikianza, fedha inazunguka, gesti zinajaa na mabenchi yanajaa mapema, basi mchana nenda saa 6 na nusu. Ila ndio wakati wa mabibo, tunda la mkorosho, na karibu unapewa bure, tahadhari na nguo nyeupe maana doa lake halitoki. Ijumaa mabanda mengi yanatulia mpaka watu watoke msikitini, na baada ya hapo ndipo utakapokuta pilau. Ramadhani mchana usizunguke kutafuta mama lishe, nunua daku yako usiku, kisha subiri magharibi: mihogo ya nazi, magimbi, tambi, kunde, uji wa pilipili manga, vyote vimepangwa barabarani kwa bei ya jero na buku.

Na mnisikilize kwa hili la mwisho la hela. Vunja noti zako usiku kwenye duka la dawa au kituo cha mafuta. Ukimpa mama lishe elfu 10 saa 12 na nusu asubuhi hana chenji, atakwambia "utaleta mchana," na hapo utakuwa umeshajifunga kurudi. Mimi nilirudi.