Akifeli form four "ataozea mkoani"? Jibu la mtu aliyebaki Mafinga

Mkuu, umeuliza kama mdogo wako, aliyemaliza form four Novemba huko wilayani, apelekwe Dar kwa mjomba kabla matokeo hayajatoka, kwa vile mama anaogopa akifeli ataozea huko. Wachangiaji wa juu wengi wamesema apande basi hata kesho. Mimi ni zao la 2012 na nipo Mafinga, wilaya ya Mufindi mkoani Iringa, mpaka leo, kwa hiyo nivumilie, nitajibu kirefu.

Kwa wasioikumbuka 2012: matokeo yalitoka Februari 2013, watahiniwa zaidi ya laki mbili wakala ziro, yaani division zero, wamefeli. Kelele zikapigwa nchi nzima, tume ikaundwa, mwezi Mei serikali ikayafuta na kuagiza yapangwe upya. Yakapangwa, na bado zaidi ya nusu tukabaki na ziro zetu. Shule yetu ilikuwa ya kata, na chumba kilichoandikwa "maabara" kilikuwa na meza na makabati matupu. Kwa hiyo ziro yenyewe haikunishangaza. Kilichoniuma ni swali la mtaani. Hakuna aliyeuliza nimefeli masomo gani. Kila niliyekutana naye, baada ya kamwene na habari za nyumbani, aliuliza: "Kwa hiyo unabaki?"

Ugonjwa wenyewe uko hapo. Kwenye miji yetu matokeo husomwa kama tiketi ya basi. Mwenye division one anaondoka, mwenye ziro anabaki, na hatimaye kila aliyebaki anahesabiwa kafeli, hata yule aliyebaki kwa akili zake timamu. Wala siri hakuna. Siku hizi matokeo ya form four yanatoka na namba bila majina, lakini namba zinafuata alfabeti, wasichana kwanza kisha wavulana, kwa hiyo muuza vocha wa stendi anaweza kukuambia namba fulani ni mtoto wa nani kabla mwenyewe hajapata bando la kuangalia.

Na wa kwanza kutufundisha kudharau mji walikuwa walimu wetu. Siwalaumu sana. Mtu kasoma mjini, kapangiwa Mufindi kwenye baridi ya Julai, barua ya uhamisho iko mezani kwa mkubwa wake, unategemea akuambie nini? "Someni mtoke huku." Tuliimbiwa hivyo miaka yote minne. Hakuna siku hata moja tuliyoambiwa kwamba shamba la Sao Hill, kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali, liko hapo hapo, au kwamba kuna watu wanaishi kwa kujua tu kukadiria mti uliosimama utatoa mbao ngapi. Hesabu za ujazo tulizikariri kwa mapipa ya kwenye kitabu, na magogo yamelala nje ya dirisha.

Mimi nilianza kwa kubeba mabanzi kwenye dingdong. Asiyezijua: ni mashine za kupasulia mbao zinazohamishwa kufuata miti shambani. Kazi ngumu, vumbi linaingia mpaka kwenye kope, na msumeno hauna huruma. Nimeona vidole vikienda, na bima hakuna, kwa hiyo sikwambii huku ni peponi. Nikajifunza kupanga mbao kwa madaraja ya ubora, nikajua nani ana kibali cha kuvuna na nani anapiga porojo, baadaye nikaanza kununua miti ya watu kwenye viplot vyao. Leo napakia mbao za mbili kwa nne na nguzo za miti ya milingoti.

Sasa sikia kichekesho. Wenzangu waliofaulu wakaenda high school, chuo, wakapata kazi Dar na Dodoma, baadhi yao wamenunua mashamba ya miti ya misindano huku huku. Mshahara unaingia, wanatafuta pa kuuweka. Na anayewasimamia ni nani? Sisi wa ziro. Kila kiangazi, Septemba na Oktoba, wananipigia simu usiku: "Kaka, nimesikia kuna moto, barabara ya kuzuia imelimwa?" Wao wanakuja kwenye misiba, wanalala usiku mmoja, wanalalamika mtandao, wanaondoka. Na bado kwenye msiba huo huo mzee mmoja atanionyesha kidole amwambie mjukuu wake: "Soma, usije ukawa kama huyu." Mimi nimelipia turubai.

Lakini hukusema mdogo wako ni wa kike au wa kiume, na hapo jibu linabadilika. Mvulana mwenye ziro anabaki anabeba mbao. Msichana wa huku kwetu akipata ziro, wiki hiyo hiyo kuna shangazi anapiga simu kwamba kuna familia Dar inatafuta dada wa kazi. Mkoa wa Iringa umezoeleka hivyo, mabinti wanaagizwa kwa simu, mshahara anajua shangazi. Kama ndiyo "kwa mjomba" yenyewe, mkatalieni mama, hata kama atanuna.

Mambo ya vitendo. Subirini matokeo, Januari si mbali. Division four si mwisho wa dunia, na ukitaka kujua ilivyo nyepesi, D mbili au C moja zinatosha kukupa four. Akipata C tatu na pointi zisizozidi 25 anaweza kupangiwa form five. Akipungukiwa, anaweza kurisiti, yaani kurudia mtihani wa masomo machache kama mtahiniwa wa kujitegemea, na hilo linafanyika akiwa hapo hapo nyumbani. Vyuo vya afya ngazi ya chini vinataka D nne, na kama ni utabibu ziwemo fizikia, kemia na baiolojia, kwa hiyo aangalie D zake ziko wapi kabla ya kulia. VETA, vyuo vya ufundi, nayo ipo, ila achague fani inayoliwa kwenye mji wenu. Kwenye mji wa mpunga fundi wa mashine za kukoboa halali njaa. Huyu wa kutengeneza viyoyozi atasubiri sana.

Na mjomba apigiwe simu kabla ya kukata nauli. Mwulizeni atamweka wapi, atashika kazi gani, kwa nani, kuanzia lini. Akitaja duka, jina na mtaa, tuongee. Akisema "aje tu, hapa mjini hakosi cha kufanya", nauli hiyo mlipieni ada ya kurisiti.