Maswali na majibu: Mkristo na majirani zake, mshahara wake na mfuko wake

Barua za safari hii zimetoka Unguja na Pemba, na nyingi zinauliza mambo ya siku za kazi kuliko ya siku ya Jumapili. Nimezifupisha, na nimeondoa kila kitu ambacho kingemtambulisha mwandishi.

Tumsifu Yesu Kristo, mwalimu. Ninauza vitambaa Darajani, na wenzangu wote dukani ni Waislamu. Kila Ramadhani huingia stoo saa saba mchana, nikarudishia mlango na kula chakula changu kimyakimya. Ndugu yangu aliyekuja kunitembelea kutoka Morogoro ameniambia kwamba huko ni kuionea haya imani. Je, nakosea?

Milele amina. Hukosei, na ndugu yako amechanganya mambo mawili. Kuionea haya imani ni kuulizwa kama wewe ni Mkristo ukababaika, au kuvua msalaba kila unapomwona mteja fulani anaingia. Wewe duka zima linakujua dini yako, na wanajua pia unachokwenda kufanya stoo. Katika Warumi 14 mtume Paulo anawaandikia watu waliokuwa wakigombana juu ya vyakula na siku, na anasema waziwazi kwamba ikiwa ndugu yako anahuzunishwa kwa sababu ya chakula chako, umeacha kuenenda katika upendo. Paulo mwenyewe aliamini kwamba chakula kile ni halali kwake. Alichokataa ni kuutumia uhuru wake kumwumiza mwingine. Ni kweli kwamba pale alisema na waumini kwa waumini, lakini sioni kwa nini upendo huo ukome kwenye mlango wa kanisa.

Kipimo nitakachokupa ni hiki: mwenzako akiufungua mlango wa stoo ghafla kutafuta jora la kitambaa, je, unaruka kama mtu aliyefumaniwa, au unameza tonge lako, unamsalimu na kumwonyesha jora lilipo? Ukiwa wa namna ya pili, endelea kula kwa amani. Hatari ninayoiona mimi iko upande mwingine kabisa, nayo ni kula huku moyo ukinung'unika kwamba wamekunyima haki yako, maana kinyongo cha mwezi mzima huharibu ujirani kuliko sahani ya wali.

Umeuliza pia, mwishoni mwa barua, kama unaweza kwenda kufuturu ukialikwa. Nenda. Katika 1 Wakorintho 10:27 Paulo anasema kwamba ukialikwa na mtu asiye wa imani yako, nawe ukapenda kwenda, kula kilichowekwa mbele yako bila kuulizauliza. Usiende mkono mtupu, na sahani yao ikija kwako usiirudishe tupu, kwa maana hilo hapa kwetu hata watoto wanalijua. Na mwaka ambao Kwaresima na Ramadhani zinakutana, kama mwaka 2025 ambapo Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 5 Machi, siku chache tu baada ya mwezi kuandama, nawe ukawa umefunga pia, huna haja ya kumtangazia mtu. Yesu katika Mathayo 6 amemwagiza afungaye ajipake mafuta kichwani na kunawa uso, ili watu wasijue.

Shikamoo mwalimu. Mume wa jirani yangu wa Kiislamu amefariki, na nimeambiwa kutakuwa na hitima, yaani kisomo cha Kurani cha kumwombea marehemu. Mimi ni mama wa Kikristo. Niende, au nitume salamu tu?

Marahaba, mwanangu. Nenda, na uende mapema, kabla ya hitima yenyewe, kwa sababu siku ya kwanza ndiyo siku ambayo mfiwa hana mtu wa kumwangalia watoto wala wa kuteka maji. Jitande kanga yako vizuri, kaa na wanawake wenzako ndani, toa ubani, yaani mchango wa rambirambi, kwa kadiri ulivyojaaliwa. Wakati wa kusoma, wewe nyamaza. Hakuna atakayekulazimisha kutamka usichokiamini, na kunyamaza kwa adabu katika msiba wa mtu si kuabudu. Ukitaka kumwombea mfiwa moyoni mwako kwa jina la Yesu, omba. Mithali 27:10 inasema afadhali jirani aliye karibu kuliko ndugu aliye mbali, na siku itakapokuja zamu yako ya kufiwa, wakati ndugu zako bado wako melini kutoka Dar es Salaam, utaona ni nani aliyekwisha kufika barazani kwako.

Mwalimu, ninaishi karibu na Wete. Msimu huu nilikodi mikarafuu ya mzee mmoja, nikaweka wachumaji na tukapatana bei kwa pishi, yaani kwa kipimo cha karafuu atakazochuma kila mtu. Mvua imeninyeshea karafuu zikiwa bado mbichi jamvini, nyingi zimepauka, na nilichopata katika kituo cha kununulia karafuu hakikutosha. Wachumaji wananidai. Niliwaambia tangu mwanzo kwamba nitawalipa nikishauza. Je, si haki nao wabebe sehemu ya hasara?

Nimekaa na swali hili kwa muda kuliko mengine, kwa sababu najua hasara ya karafuu inavyouma. Mtu amekesha anachambua, vidole vimeingia weusi kwa makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, asubuhi ameanika, na saa nane mchana wingu linatoka upande wa bahari na nyumba nzima inakimbilia kukunja majamvi. Ukichelewa kidogo, kazi ya wiki imekwisha. Sitakwambia kwamba hasara hiyo ni ndogo.

Hata hivyo, jibu langu ni hapana, si haki. Tazama mlivyopatana. Mchumaji alipatana nawe kwa pishi, na pishi zake alizileta. Alipanda mkarafuu, akayavuta matawi, akashuka na kikapu kilichojaa, na wewe ulikipokea ukakipima. Kazi yake iliishia hapo. Kuanika, kulinda na kuuza ni biashara yako, na kama karafuu zingekauka vizuri zikaingia daraja la juu, usingewaita wachumaji uwagawie faida. Asiyekuwa na fungu katika faida hawezi kugeuzwa mshirika siku ya hasara.

Neno lako la «nikishauza» lina uzito, na kama walikubali kwa hiari yao, lilikuruhusu kuwachelewesha. Halikukuruhusu kuwapunguzia. Na hata kuchelewesha kwenyewe Maandiko hayakupendi: Mambo ya Walawi 19:13 inakataza ujira wa kibarua kulala kwa mwajiri hadi asubuhi, kwa sababu kibarua huwa amekwisha kuuhesabu ujira huo kuwa ni unga na mafuta ya taa. Yakobo, katika sura ya 5 ya waraka wake, anasema kwamba ujira wa wavunaji uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele zao zimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Alikuwa akisema na wenye mashamba.

Niongeze jambo ambalo huenda likaonekana kuwa la mbali. Karafuu za visiwa hivi katika karne ya 19 zilichumwa kwa sehemu kubwa na watumwa, ambao hawakulipwa pishi wala kibaba, na utumwa wenyewe haukupigwa marufuku kisheria hapa hadi mwaka 1897. Kanisa Kuu la Anglikana pale Mkunazini lilianza kujengwa mwaka 1873, mwaka uleule soko la watumwa lilipofungwa, na lilijengwa palepale penye soko. Kwa hiyo Mkristo wa Zanzibar anapojadili kama mchumaji wa karafuu alipwe au asilipwe, hajadili jambo geni kwa kanisa lake.

Sasa la kufanya. Waite wachumaji wako wote pamoja, usimwite mmoja mmoja, uwaonyeshe stakabadhi ya mauzo na uwaambie deni la kila mtu kwa pishi. Lipa ulichonacho leo, ukianza na wale ambao hawana kipato kingine, na kwa kilichobaki taja tarehe, si «Mungu akijaalia mambo yakikaa sawa». Mzee mwenye mikarafuu naye ni mdai wako, lakini yeye ana miti na anaweza kungoja zaidi kuliko mtu aliyekuja na kikapu tu. Mwendee kwa heshima umwombe muda. Kama kuna mchumaji atakayekusamehe sehemu ya deni kwa hiari yake, pokea na umshukuru. Ila usimwombe mbele ya wenzake, kwa sababu hapo hana hiari. Na usithubutu kuifidia hasara hii kwa kupitisha karafuu za msimu ujao kwa magendo, maana utakuwa umeongeza kosa la pili juu ya la kwanza.

Mimi ni mhudumu katika hoteli moja ya Paje. Mkataba wangu huisha kila mwaka kabla ya masika, na sijui kama nitaitwa tena Juni. Mchungaji fulani ameniambia kwamba kuweka akiba ni dalili ya kutomwamini Mungu, na kwamba nitoe mshahara wa mwezi kama mbegu ili mkataba uwe wa kudumu. Nifanyeje, kaka?

Usitoe. Sadaka ni shukrani na ni msaada kwa kazi ya Mungu na kwa maskini. Haiwi malipo ya awali ya mkataba wa hoteli, na anayekuuzia mkataba ambao si wake anakudanganya, hata kama ameshika Biblia.

Juu ya akiba, mchungaji huyo ameisoma Mathayo 6:34 nusu. Yesu anakataza kusumbukia ya kesho, yaani kulala macho wazi ukihesabu balaa ambazo bado hazijaja. Hakukataza kupanga. Katika Luka 14 anauliza ni nani atakaye kujenga mnara asikae kwanza akahesabu gharama. Na Yusufu katika Mwanzo 41, akiwa amejulishwa na Mungu mwenyewe kwamba njaa inakuja, hakukesha akiikemea njaa. Alishauri sehemu ya tano ya mavuno itengwe katika miaka saba ya shibe. Wewe shibe yako unaijua: Julai na Agosti wageni wamejaa, Desemba na Januari wamejaa tena. Njaa yako pia unaijua, kuanzia Aprili hadi Mei, mvua ikinyesha na nusu ya vyumba vikiwa vimefungwa. Ukitenga sehemu ya tano ya mshahara na ya bahashishi katika miezi mizuri, hutakuwa tajiri, lakini hutakopa kwa riba mwezi wa Aprili. Ukiona ni vigumu kujizuia peke yako, ingia katika upatu wa watu unaowafahamu, uombe zamu yako ya kupokea iangukie masika.

Hapo ndipo «Mungu akipenda» inapopata mahali pake. Yakobo 4 inawakemea wanaosema kesho tutakwenda mji fulani tukafanye biashara, na anawataka waseme, Bwana akipenda. Hakuwaambia wasiende. Majirani zetu husema inshallah, nasi tuna neno letu, lakini wapo katika pande zote mbili wanaolitumia kama njia ya kukwepa kuahidi. Mwambie meneja wako sasa kwamba unaomba kurudi Juni, tafuta kibarua kingine cha masika, halafu useme Mungu akipenda.

Ninabeti kwenye simu. Si kiasi kikubwa, na mke wangu hajui. Ni dhambi?

Umejijibu kwa maneno matatu ya mwisho kabla ya kuuliza. Tukiacha hata ubishi wa kama mkeka mmoja wa kubeti mpira ni dhambi au si dhambi, fedha unayobeti ni ya nyumba, na mwenye nusu ya nyumba hajaulizwa. Jaribu hili: chukua simu yako, fungua orodha ya miamala ya miezi mitatu, jumlisha yote uliyotuma kubeti, na uiandike hesabu hiyo kwa mkono kwenye karatasi. Kisha mpe mkeo aisome. Usimpe maelezo kabla hajamaliza kusoma. Atakasirika, na ana haki ya kukasirika, lakini kuanzia usiku huo mtakuwa wawili dhidi ya tabia moja, na unaweza kumwachia yeye namba ya siri kwa muda. Wengi wanaoniandikia kuhusu kubeti wanaomba niwaombee waache. Nitakuombea, ndugu yangu, ila karatasi hiyo uiandike wewe.

Mwenzangu wa kwaya hanisalimii tangu Pasaka, na sijui nilimkosea nini. Nimeamua kumwombea tu na kumwachia Mungu. Natenda vyema?

Mwombee ukiwa njiani kwenda kwake. Mathayo 5:23-24 inamtaka mtu aliyekwisha kufika madhabahuni, akakumbuka kwamba nduguye ana neno juu yake, aiache sadaka palepale aende akapatane naye kwanza. Haisemi kwamba lazima uwe unalijua kosa. Nenda nyumbani kwake, wewe na yeye peke yenu, uulize kwa maneno machache na unyamaze ajibu. Usiulize kwenye kundi la kwaya la simu, wala kupitia mtu wa sauti ya pili ambaye anapenda sana kupatanisha watu. Akikataa kukusikiliza, Mathayo 18:16 inakuruhusu kurudi na mtu mmoja au wawili, na huyo wa sauti ya pili si lazima awe mmoja wao.