Je, Yupo Mshauri Atakayenisaidia Bila Kutaka Kunibadilisha?

SWALI: Shikamoo mshauri. Mimi ni mwalimu, ninaishi Tukuyu. Tangu usichana ninavutiwa na wanawake wenzangu, jambo ambalo nimelificha kwa ndugu na kanisani. Siku hizi usingizi umenipotea, chakula hakipiti, na nyumbani wananihimiza niolewe. Nilimweleza mtu mmoja anayetoa ushauri nasaha, naye akanipangia siku za kufunga na kunitaka nimkubali mchumba. Nilitoka kwake nikiwa na hali mbaya zaidi. Je, upo ushauri wa namna nyingine?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Upo.

Kufunga ni ibada yako, wala sina neno nayo, lakini mchumba hajawahi kuwa dawa ya sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha. Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani kiliondoa mvuto wa jinsia moja katika orodha yake ya magonjwa mwaka 1973, na Shirika la Afya Duniani likafanya vivyo hivyo mwaka 1990. Mwaka 2009 jopo la wanasaikolojia wa nchi hiyo lilipitia tafiti kuhusu juhudi za kubadilisha mvuto huo, likaona kwamba hakuna ushahidi wa kutosha kuwa zinafanikiwa, na kwamba zinaweza kudhuru.

Ushauri wa namna nyingine unaoutafuta hauanzi na unayempenda, bali na mzigo unaoubeba: kuficha kila siku, kungojea kukataliwa, na ile aibu ambayo mtu huishia kuielekeza kwake mwenyewe. Mtafiti Ilan Meyer alieleza mwaka 2003 jinsi msongo huo unavyozaa wasiwasi na sonona. Mshauri hukusaidia kuzitambua fikra zilizopandwa na msongo huo, kuzipima, na kubadili mienendo inayokuchosha. Matokeo ya utafiti wa John Pachankis na wenzake, uliofanyika New York na kutolewa mwaka 2020, yalionyesha kwamba wanawake waliopata vikao 10 vya tiba ya aina hiyo walipungukiwa na dalili za sonona na wasiwasi.

Hata hivyo, Tukuyu si New York. Sheria za Tanzania zinaadhibu matendo ya jinsia moja, na kwa hiyo mshauri mwenye busara hatakusukuma ujitangaze kwa yeyote. Nawe huna wajibu wa kumweleza yote siku ya kwanza: kukosa usingizi, kukosa hamu ya kula na shinikizo la ndoa ni sababu za kweli, tena zinatosha kabisa kuanzia matibabu. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya inatoa huduma za afya ya akili, na umbali wake kutoka Tukuyu una faida yake kwa mwalimu ambaye hapendi kukutana na mzazi wa mwanafunzi wake kwenye foleni. Kabla ya kufunguka, muulize mshauri faili lako linasomwa na nani, siri huvunjwa katika mazingira gani, na anamsaidiaje mwanamke ambaye hataki kuolewa. Akianza kuhubiri katika swali hilo la mwisho, mshukuru, uondoke, utafute mwingine.

Ikiwa mawazo ya kujidhuru yatakujia, usingoje miadi; nenda hospitali iliyo karibu saa hiyo hiyo. Daktari wa zamu anaweza kukuhudumia bila kujua chanzo chote cha huzuni yako.