Shule imesema nini, na imeandika wapi?

Barua za safari hii zimetoka kwa wazazi walioko Marekani ambao watoto wao wako elimu maalum, au wanaambiwa wapelekwe huko. Mimi si wakili. Ni mkalimani ninayekaa kwenye vikao hivi, na nimeona mengi yakiharibika mezani.

*Tangu Septemba namwambia mwalimu kwamba mwanangu hawezi kusoma, apimwe. Kila nikienda naambiwa tusubiri. – Baba, Dayton*

Unamwambia. Kwa mdomo. Ndugu yangu, swali hili naletewa kila mara na jibu ni lile lile: mali bila daftari hupotea bila habari. Mwalimu anaweza kuhama, anaweza kusahau, anaweza kusema mlikuwa mnaongelea nauli ya basi. Andika leo, hata kama Kiingereza chako kinachechemea: jina la mtoto na darasa lake, kisha "naomba afanyiwe tathmini kamili ya elimu maalum kwa sababu nashuku ana ulemavu unaomzuia kusoma", halafu tarehe na jina lako. Tuma kwa barua pepe kwa mwalimu mkuu na kwa ofisi ya elimu maalum ya wilaya ya shule.

Wakikubali, watakuletea fomu ya ridhaa. Siku 60 zinaanza kuhesabiwa wakishaipokea ikiwa na saini yako, isipokuwa jimbo lako limejiwekea muda wake. Wakikataa, sheria ya taifa ya elimu maalum, IDEA, inawataka wakupe sababu kwa maandishi. Wakikuambia mtoto amalize kwanza programu ya kusaidiwa kusoma, wakumbushe kwamba mwaka 2011 Wizara ya Elimu ya Marekani iliyaandikia majimbo kuwa programu hizo haziwezi kuwa kisingizio cha kuchelewesha tathmini.

*Nikisaini fomu ya kupimwa, ndiyo wameshamweka darasa la walemavu? – Mama, Louisville*

Hapana. Ridhaa ya kupimwa ni moja, ridhaa ya kuanza huduma ni nyingine. Hiyo ya pili ukiikataa, wilaya haiwezi kukushtaki ili ikulazimishe. Ila usikatae kwa kuogopa maneno ya majirani. Majirani hawatamfundisha mwanao kusoma.

*Mwanangu alifika kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, akiwa na miaka 10, shule alikuwa akiisoma kwa kukatika-katika. Baada ya miezi sita tu wanasema ana ulemavu wa kujifunza. Ni kweli? – Mama, Grand Rapids*

Mimi siwezi kujua, na wao pia hawawezi kujua kwa mtihani wa Kiingereza. Sheria inakataza kumhesabu mtoto kuwa mlemavu ikiwa sababu kubwa ya kushindwa kwake ni kutofundishwa kusoma na hesabu ipasavyo, au kutojua Kiingereza. Inadai pia apimwe kwa lugha na njia itakayoonyesha kweli anachokijua, ila pale ambapo haiwezekani kabisa.

Kwa hiyo kwenye kikao uliza: alipimwa kwa lugha gani, na nani? Hapo ndipo mambo hufichuka. Fomu ya usajili inasema "Kiswahili" kwa sababu ndiyo lugha uliyoitaja siku ya kwanza, kumbe nyumbani mnaongea Kibembe na Kiswahili cha mtoto ni cha kambini. Analetewa mkalimani wa Kiswahili cha Dar, mtoto ananyamaza, na kunyamaza kwake kunaandikwa kwenye ripoti kuwa "ujuzi mdogo wa lugha". Sahihisha fomu hiyo. Usipokubaliana na tathmini yao, omba tathmini ya mtaalamu wa nje kwa gharama ya wilaya. Ama wataigharimia, ama wafungue kesi kuonyesha kwamba ya kwao ilitosha.

Lakini nawe jiulize kwa haki. Alichelewa kusema hata kwa lugha ya nyumbani? Ukimtuma vitu viwili, anasahau kimoja kila siku, tofauti na wadogo zake? Basi waambie, maana kuna wilaya zenye kosa la pili, la kumwacha mtoto mwenye ulemavu halisi akae miaka eti "ajue Kiingereza kwanza". Anaweza kupata masomo ya Kiingereza na elimu maalum kwa pamoja.

*Sina karatasi za uhamiaji. Mtoto ana haki? – Jina limehifadhiwa*

Anayo. Mahakama ya Juu ilishaamua mwaka 1982, kesi ya Plyler.

*Binti yetu wa miaka 14 ndiye anayetutafsiria kwenye kikao cha IEP (mpango wa elimu maalum wa mtoto) cha kaka yake. Shule inasema haina shida. – Baba, Des Moines*

Shida ipo, tena kubwa. Mkalimani ni jukumu la wilaya, na ni bure kwako. Binti atasemaje "ulemavu wa akili" mbele ya baba yake? Atapunguza, ataruka, na wewe utasaini usichokijua. Omba mkalimani kwa maandishi kabla ya kikao. Wakifika bila yeye, omba siku nyingine. Na hata akiwepo, huna deni la kusaini papo hapo. Chukua karatasi ukaisome nyumbani.

*Mwanangu ana usonji. Karibu kila wiki wananipigia saa nne asubuhi nikamchukue kwa sababu anapiga kelele. Barua hawatoi. – Mama, Houston*

Hawatoi kwa sababu barua ingehesabika. Kumrudisha nyumbani hivyo ni kumsimamisha shule kwa jina jingine. Zikizidi siku 10 za shule mfululizo, au zikijumlishwa ndani ya mwaka mmoja wa shule zikapita 10 na kuonekana ni mtindo, lazima kiitishwe kikao cha kuangalia kama tabia hiyo imetokana na ulemavu, au na shule kutotekeleza IEP. Ikiwa ndivyo, kwa kawaida anarudi alipokuwa, na shule inatakiwa kuchunguza tabia hiyo na kuipangia. Silaha, dawa za kulevya na kumjeruhi mtu vibaya vina kanuni yake: anaweza kupelekwa kwingine hadi siku 45 za shule.

Kila wakipiga, andika tarehe na saa, kisha watumie ujumbe: "Je, leo mmemsimamisha?" Na wakikupa karatasi ya kumtoa shule ili "umsomeshe nyumbani", usiiguse.

*Anatimiza miaka 18, wanataka kumpa diploma ya kumaliza sekondari. – Mzazi, Portland*

Angalia sana. Diploma ya kawaida inafunga haki yake ya elimu maalum, ambayo ingeweza kuendelea hadi miaka 21. Tena katika majimbo mengi, akifika 18 saini ni yake, si yako.

*Kuna mtu kanisani anadai pesa ili atusimamie kwa shule. – Mama, Boise*

Kila jimbo lina kituo cha wazazi kinacholipiwa na serikali ya taifa, na msaada wake ni bure. Wapigie kwanza, uombe mkalimani. Huyo wa kanisani akiendelea kudai, mwambie aandike risiti.