Karabai za Zamani: Wasomaji Wauliza, Tunajibu

Barua nyingi za mwezi huu zimehusu karabai, zile taa za pampu zilizomulika harusi, magulio na mitumbwi ya dagaa, na ambazo sasa zinatafutwa na wapiga kambi na wakusanyaji. Tumejibu tano.

Nimenunua karabai ya Petromax kwa mvuvi aliyehamia taa za sola. Kwenye tangi pameandikwa 829. Niangalie nini kabla sijaiwasha? (Msomaji, Kigoma)

Anza na tangi. Vingine vyote vina spea. Kitako kikiwa kimevimba kwa nje, presha iliwahi kuzidi au moto uliwahi kuingia, na taa hiyo ibaki pambo tu. Kisha geuza tangi polepole kwenye mwanga wa jua utafute nyufa nyembamba kama unywele, hasa pale kitako kinapounganika na ubavu. Shaba iliyofinyangwa kwa mashine hupasuka hivyo ikikutana na amonia, kwa hiyo usiing'arishe kwa dawa yoyote yenye amonia, hata kama jirani anaisifu. Maji ya vuguvugu na sabuni yanatosha. Nikeli ikishababuka hairudi.

Tangi likiwa zima, tia nusu lita ya mafuta ya taa (uwezo wake ni lita moja), funga skrubu ya kutolea upepo, na ukiwa nje, mbali na moto, pampu hadi geji ifike mstari mwekundu. Iache saa nzima bila kuiwasha. Geji ikishuka, paka povu la sabuni kwenye kifuniko, kwenye skrubu na shingoni. Penye mapovu ndipo penye kasoro, na mara nyingi ni washa ya mpira iliyokauka. Mpini wa pampu ukipanda wenyewe, valvu iliyo chini ya pampu haifungi. Ukipampu na mkono hausikii uzito wowote, ngozi ya pampu imekauka: itoe, ipanue ukingo kwa vidole, iloweke kwenye oili usiku kucha.

Namba 829 ni taa yenye mwanga wa mishumaa 500, na 828 ni ya 350. Ikumbuke namba hiyo dukani, maana nozeli, sindano, jenereta (bomba linalogeuza mafuta kuwa mvuke) na utambi (ule mfuko wa kitambaa unaong'aa) huuzwa kwa nguvu ya taa. Ukikuta imegongwa maneno ya Ujerumani Magharibi, ujue imetengenezwa baada ya nchi hiyo kugawanyika mwaka 1949.

Karabai yetu inawaka vizuri dakika chache, kisha mwanga unapwitapwita na kufifia. Presha ipo. Tatizo ni nini? (Msomaji, Moshi)

Mafuta hayageuki mvuke sawasawa. Katika karabai mafuta hupanda kwenye bomba la jenereta, hupita kwenye mkunjo ulio karibu na utambi, hugeuka mvuke kwa joto, kisha hutokea kwenye tundu la nozeli. Miaka ikipita, masizi magumu hujaa ndani ya ule mkunjo. Mvuke hupita kwa mikupuo, na mwanga nao hupanda na kushuka.

Taa ikiwa imepoa na upepo umetolewa wote, fungua nozeli (kipuri namba 50), toa sindano (namba 68), kisha jenereta (namba 152). Chukua waya wa breki ya baiskeli, chambua ncha yake isambae, uupitishe ndani ya bomba ukiuzungusha, kutoka ncha zote mbili, hadi masizi yaache kudondoka. Suuza kwa mafuta ya taa. Unaporudisha, shusha kwanza sindano ndipo ukaze nozeli. Ikiwa juu itapinda, na sindano iliyopinda hupanua tundu. Tundu likipanuka, nozeli ni ya kutupa: taa itatoa moto wa njano na moshi hata ukiisafisha kila wiki.

Pima pia nafasi kati ya nozeli na mdomo wa bomba linalochanganya mvuke na hewa. Iwe takribani milimita 14. Wengi huikosa hii kwa sababu wanapofungua kichwa cha taa hulegeza bomba hilo na kulirudisha kwa kukisia. Ukikagua haya yote na bado inapwita, badilisha mafuta. Huenda yana maji.

Tunaweza kuiacha ikiwaka hemani tukilala? (Msomaji, Nakuru)

Hapana, hata zipu ikiwa wazi. Inatoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu, na inaua. Itundikeni nje.

Utambi mpya unatoboka kila safari. Je, ni bandia? (Msomaji, Tanga)

Tazama kwanza kile kichwa cha udongo unapofungwa utambi (namba 3). Kikiwa na ufa au pengo, moto hutoka upande mmoja na kuutoboa. Kama ni kizima, angalia jinsi mnavyousafirisha. Utambi ukishaungua hubaki majivu tu, na mtikisiko wa gari unautosha kuuvunja. Mkifika kambini fungeni mpya. Ufunge kwa uzi wake, sambaza mikunjo iwe sawa pande zote, kata ncha za uzi, jaza spiriti kile kikombe kidogo cha kupashia jenereta na uache iwake karibu yote kabla ya kufunga skrubu na kupampu. Penye baridi kama huko mlimani, jaza kikombe mara mbili. Usiendelee kutumia utambi wenye tundu, kwa sababu ule ulimi wa moto utapasua kioo.

Tambi nyingi za zamani zina thoriamu, madini yenye mnururisho. Vumbi lake lisivutwe puani wala lisiangukie chakula. Fungeni nje, mkiupa upepo mgongo, kisha mnawe mikono.

Nimepata Coleman 200A nyekundu kwenye mnada. Naweza kutumia mafuta ya taa kama karabai za nyumbani? (Msomaji, Minneapolis)

Usitumie. Hiyo 200A, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1951, imeundwa kwa nafta safi ya kambi, mafuta mepesi kama petroli, ile mnayoiita gesi nyeupe. Haina kikombe cha spiriti, na mafuta ya taa hayageuki mvuke kabla jenereta haijapashwa. Utapata moshi na miale mirefu. Coleman walitengeneza pia taa za mafuta ya taa, lakini hiyo si mojawapo.

Kinyume chake ni hatari zaidi: usitie nafta wala petroli kwenye Petromax uliyoiacha nyumbani. Petroli hutoa mvuke unaoshika moto hata penye baridi kali, na pale juu ya tangi kuna spiriti inayowaka.

Umri wa Coleman yako umegongwa chini ya tangi. Za zamani zina herufi na mwaka: A ni nusu ya kwanza ya mwaka, B ni ya pili. Za baadaye zina namba ya mwezi. Kabla ya kupampu, legeza kitufe cha pampu mzunguko mmoja, ziba tundu lake kwa kidole gumba, piga kama mara 25, kisha kaza. Usipokaza, upepo unaweza kurudi nje.