Bando la usiku halimfai anayeamkia mwaloni

Ukitaka kupunguza muda wa mtandaoni, anza na bando kabla ya kuanza na nafsi yako. Ushauri mwingi tunaopewa ni wa kujikaza: jizuie, weka simu pembeni, kuwa na msimamo. Kujikaza kunasaidia siku mbili tatu, kisha uchovu unaingia na simu iko pale pale mkononi. Kilichonisaidia mimi ni kubadili saa za kununua data na mahali simu inapolala.

Nafanya biashara ya dagaa hapa Kigoma. Nanunua mwalo wa Kibirizi, pale mitumbwi inaposhusha samaki, naanika kwenye kichanja, nafungasha, natuma Dodoma na Dar es Salaam. Wateja wangu wako WhatsApp. Picha ya mzigo, bei ya leo, risiti ya basi, vyote vinapita humo. Anayeniambia nifute kila kitu nibaki na kitochi ananiambia nifunge biashara, na najua wauza vitenge, mafundi na walimu wa tuisheni wengi wana hali hiyo hiyo. Sisi hatuwezi kuhama mtandaoni. Tunachoweza ni kuupangia saa.

Sasa tazama saa zenyewe. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, zamani karabai, siku hizi za betri na sola. Mitumbwi inarudi alfajiri, na anayechelewa kushuka anakuta mzigo mzuri umeshachukuliwa. Bando la bei nafuu nalo linaanza saa sita usiku na kukatika alfajiri hiyo hiyo. Unajiunga kwa kuwa GB ni nyingi kwa hela kidogo, halafu unaona hasara kulala zikiwa hazijaisha. Unakesha ukitazama video ambazo hukuzitafuta, ili tu umalize ulichokilipia. Kukikucha unasimama mwaloni macho mazito, unapokea beseni lenye mchanga bila kulikagua, unakosea chenji. Piga hesabu ya hasara hiyo, uilinganishe na unafuu wa bando. Mimi nilipoilinganisha niliacha kabisa bando la usiku, nikawa najiunga la wiki, dogo, linalotosha kazi. GB zikiwa chache, mtu mwenyewe unachagua cha kufungua.

Zima pia upakuaji wa picha na video unaojifanyia wenyewe kwenye WhatsApp. Magrupu ya harusi na ya mtaa yanakula bando dogo kwa siku moja, na kila picha iliyoshuka inakuita uitazame.

Kwa nini simu inatushika hivi? Mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner aliwachunguza wanyama, njiwa na panya, akaona kwamba anayepata chakula kwa bahati, mara kipo mara hakipo, hubonyeza kitufe bila kuchoka kuliko yule anayejua atapata kila mara. Mvuvi anaelewa hili bila kusoma. Wavu uliotoka mtupu ndio unaokufanya uutupe tena, kwa kuwa unaofuata unaweza kujaa. Ukiperuzi, kidole kinatupa wavu: hiki hakina maana, hiki hakina maana, hiki kimenichekesha, ngoja nione kinachofuata. Tena wavu huu hauna alfajiri ya kurudi nchi kavu. Ukurasa usiofika mwisho ulibuniwa mwaka 2006 na Mmarekani Aza Raskin, na baadaye yeye mwenyewe alisema hadharani kwamba anajutia. Kwa hiyo usijiite mvivu au dhaifu. Kitu kilichotengenezwa kisiwe na mwisho kinahitaji mwisho unaouweka wewe.

Utajuaje kama umevuka mpaka? Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa ya ICD-11 iliyoanza kutumika Januari 2022, limeuweka uraibu wa michezo ya kielektroniki. Uraibu wa intaneti kwa jumla haukuwekwa kama ugonjwa unaojitegemea, lakini vipimo vya ule wa michezo vinafaa kujipima: unashindwa kuacha ukitaka kuacha, unautanguliza mbele ya kazi na watu wako, na unaendelea ingawa madhara unayaona.

Mahali simu inapolala pana uzito mkubwa kuliko watu wanavyofikiri. Wengi wetu tunaiingiza kitandani kwa kisingizio cha kengele ya kuamka. Nunua saa ya kengele, ya kawaida kabisa, simu uichaji sebuleni. Laini yenye M-Pesa iweke kwenye kitochi, maana menyu ya *150 haihitaji data, na mwenye dharura atakupigia huko. Siku za mwanzo utahisi simu inatetemeka kiunoni na hata haipo. Hilo linawapata wengi, na linapita.

Wateja je? Nilihofia watakimbia. Niliwaandikia wote kwamba oda napokea hadi saa moja jioni, na baada ya hapo wapige simu ya kawaida. WhatsApp ya biashara ina ujumbe wa kujijibu wenyewe, nikauandika humo humo. Hawakukimbia. Wanaopiga usiku ni wenye jambo kweli.

Kama kinachokushika ni kubeti, haya ya bando hayatoshi. Hapo mpe mtu unayemwamini, mkeo, mumeo au dada yako, laini yenye pesa aishike yeye, na umweleze waziwazi sababu. Ukificha, utakopa.

Kwangu, kipindi kigumu kabisa ni cha mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti dagaa, mitumbwi inapumzika, na sisi wa mwaloni tunabaki na siku nzima mikononi. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wapate kuzaliana, niliona hili kwa ukubwa wake: watu wazima, wenye familia, wamekaa vivulini kutwa vichwa vimeinama. Mtandao unaingia pale kazi ilipotoka. Kuziba nafasi hiyo kwa katazo tupu hakuwezekani, lazima uwepo mpango kabla mwezi haujawa mkubwa. Kikoba chetu tumekihamishia siku hizo za mbalamwezi. Vichanja vinatengenezwa siku hizo. Ndugu wa Ujiji wanatembelewa siku hizo, na ukifika kwa mama mkubwa ukamwamkia, simu ikae mkobani hadi uage. Andika mpango wako kwenye karatasi, uubandike pale unapoichajia simu, na mmoja wa kikoba akuulize umefikia wapi mkikutana.