Ukitaka kuandika historia ya chama cha waamuzi, anza na wazee wa kipyenga

Nilikuwa katibu wa chama cha waamuzi wa soka mkoani kwetu, Kanda ya Ziwa, kwa miaka tisa. Siku ya kukabidhiwa ofisi nilipewa muhuri, kitabu cha stakabadhi na boksi moja la makaratasi. Boksi nikaliweka stoo, chini kabisa, kwenye sakafu ya udongo. Nilipokuja kulifungua nikitafuta majina ya waasisi, mchwa walikuwa wamebakisha majalada na ncha za kurasa. Kosa lilikuwa langu, na linaniuma mpaka leo.

Ndiyo maana nawaandikia makatibu wenzangu wa mikoa na wilaya. Makaratasi yaliyopo yapandishe juu leo hii, kisha nenda kwa wazee.

Ila angalia unauliza nini. Mzee wa kwanza niliyemtembelea nilimwamkia, nikafungua daftari, nikamuuliza chama kilianzishwa mwaka gani. Hakukumbuka. Aliona haya, na mazungumzo yakaishia hapo. Niliporudi mara ya pili nilimuuliza nani alimfundisha kupuliza filimbi. Aliinuka taratibu, akaingia ndani, akatoka na filimbi ya shaba iliyoviringishwa kwenye leso. Punje ya ndani ilishatoka siku nyingi, na ukiipuliza inatoa pumzi tu. “Mwanangu, hii niliachiwa na mwalimu wangu,” akasema, na jua likazama tukiwa bado tunaongea. Alinitajia majina kumi na moja, nani alitoka shule gani, nani alikuwa karani wa pamba, nani aliacha baada ya kupigwa mawe uwanjani.

Miaka sasa utaipataje? Kwa sheria. Mwamuzi mzee anasahau tarehe, lakini Sheria 17 za soka hazisahau. Akikwambia walikuwa wakimwonya mchezaji kwa mdomo na kuandika jina lake tu, jua anazungumzia enzi za kabla ya kadi. Kadi za njano na nyekundu zilianza kutumika kwenye Kombe la Dunia la Mexico mwaka 1970. Wazo lilikuwa la Ken Aston, mwamuzi Mwingereza, aliyelipata kwenye taa za barabarani baada ya vurugu za mechi ya Uingereza na Argentina mwaka 1966. Akisimulia kipa aliyekuwa akipoteza muda kwa kudaka kila mpira anaorudishiwa na beki wake kwa mguu, hiyo ni kabla ya 1992, sheria ilipomkataza kuudaka mpira wa namna hiyo. Mshika kibendera aliitwa mwamuzi msaidizi kuanzia 1996. Hata picha zinasema: waamuzi walivaa nyeusi miaka na miaka, na ni Kombe la Dunia la Marekani, 1994, lililowaonyesha watu wengi mwamuzi mwenye jezi ya rangi.

Hapa kuwa makini, maana nilishateleza. Sheria mpya haikufika viwanja vyetu siku ileile. Mwaka wa sheria unakwambia jambo halikuwa kabla ya hapo, basi. Lipime na matukio ambayo mzee aliyaishi. Mmoja aliniambia kadi alizishika mara ya kwanza akiwa ametoka kwenye Vita vya Kagera, na Taifa Stars ilikuwa bado haijaenda Lagos kwenye Kombe la Afrika. Fainali zile zilikuwa Machi 1980. Nilikuwa nimeshaandika 1970 kwenye rasimu, nikafuta.

Wajane msiwasahau. Makatibu wengi wa zamani walitunza mambo ya chama nyumbani, na wakifa, mwenye sanduku ni mama. Nenda kwa heshima, usiondoke na karatasi yake hata moja. Piga picha kila ukurasa kwa simu pale pale, na nakala zikae kwa watu watatu.

Ugomvi wa fedha na uchaguzi uandikwe pia, kwa kusikiliza pande zote mbili. Tuhuma ya rushwa isiyothibitishwa usiibandike jina la mtu. Ana wajukuu.

Na tafuta wanawake wa kwanza. Mwaka 2022 Salima Mukansanga wa Rwanda alipuliza mechi ya Kombe la Mataifa ya Afrika la wanaume, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo, na kwenye kozi yetu msichana mmoja akaniuliza wa kwanza mkoani kwetu alikuwa nani. Sikuwa na jibu. Nilimpata miezi mitano baadaye: ana duka la vitenge, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Daftari la maana kuliko yote nililipata kwa mjane mmoja, chini ya godoro. Mumewe aliandika kwa penseli: “Mvua kubwa. Dk. 61 mpira umepasuka, hakuna mwingine. Tumevunja mchezo.” Hakuweka mwaka. Nilimpelekea yule mzee wa filimbi, nikamsomea polepole.

“Nilikuwa na kibendera upande wa mnazi,” akasema. “Soma tena.”